Gavana Alishuka Kabla ya Chai Kuchemka

Mama,

Usikunje uso. Nitakuita hivyo hata ukiwa profesa. Una jina la mama yangu, Mwende, na Mkamba akimpa binti yake jina la mamake, amejiletea mkubwa wake nyumbani kwa hiari yake mwenyewe. Wenzangu wana watoto. Mimi nina mama wawili, na wote wawili wameshaniaibisha mbele za watu. Wa kwanza alinifuata hadi shuleni na mwiko mkononi. Wa pili alinishinda jana, ndani ya kibanda changu cha kompyuta, kwa kipimo changu mwenyewe, Kevo wa kibanda jirani akipiga makofi.

Kesho asubuhi unapanda treni kwenda Mombasa kusomea kutengeneza gemu. Mambo ya shuka, sabuni, dawa ya mbu na nani wa kupigiwa simu ukifika, hayo ni ya mama yako Nduku. Ameshayapanga yote, na akanikaririsha mimi kana kwamba ndiye ninayesafiri. Mimi nina jambo moja tu: ile mashine, laptop ya kwenda nayo. Kwa sababu jana nilisema neno langu, ukasema lako, na tangu hapo unanipita pale sebuleni kama mtu anayepita ofisi iliyofungwa.

Nilisema: "Ukitoka kwangu unatoka na Gavana, ama utoke mikono mitupu."

Ukasema: "Basi natoka mikono mitupu, Baba."

Na najua utafanya hivyo. Kiburi hicho sikukuazima, nilikupa kabisa. Lakini mwanafunzi wa gemu asiye na mashine ni sawa na kinyozi asiye na wembe: atakaa pale awaelezee watu vile angewanyoa. Siwezi kulala na hiyo picha. Wala kuomba msamaha siwezi, unanijua. Kwa hivyo naandika.

Sasa hivi ni jioni, watu wa ghorofa yetu wanafunga vibanda. Mimi nimefunga mlango wa chuma nikiwa ndani. Jiko la koili linawaka, sufuria ya chai iko juu yake, na joto la humu linaweza kukausha omena. Kwa nini nimejifungia kwenye joto hivi, utajua. Usiruke mistari. Najua vile unasoma, unaanzia mwisho kama mtu anayetafuta majibu ya hesabu.

Unajua kwamba niliacha shule kidato cha pili. Usichokijua ni jinsi nilivyoiacha kwa maringo. Nilimwambia mwalimu kwamba shule inanichelewesha. Akaniuliza, "Inakuchelewesha kufika wapi, Muthama?" Mpaka leo bado natafuta jibu lake, na nikilipata sitampelekea.

Nilipofika ni kwa Mzee Twalib. Wewe unamkumbuka akiwa ameshazeeka, Babu Twalib wa peremende. Mimi nilimkuta akiwa na nguvu zake, mtu wa Mombasa, kofia nyeupe, duka dogo la kompyuta karibu na msikiti, na ulimi mkali kushinda achari ya mkewe. Siku ya kwanza nilimwambia najua kila kitu kuhusu kompyuta. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Mzee."

"Haya. Mashine hii na ile, ipi nzuri?"

Nikatazama. Moja ilikuwa na stika ya prosesa ya i7, nyingine i5. Nikaonyesha i7 bila kupepesa macho. Mzee Twalib aliziwasha. Aliweka gemu zito kwenye zote mbili, gemu la magari, akainjika sufuria ya chai ya tangawizi, akaketi. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na ile namba inayoonyesha mchezo unatiririka vipi. Ya i7 ilikuwa juu sana, nikatabasamu. Chai ikaanza kuimba. Namba ya i7 ikaanza kuteremka. Chai ilipochemka magari ya i7 yalikuwa yanatembea kama yanasukumwa na watu, na ya i5 bado yanakwenda vilevile.

Akanimiminia kikombe, akasema: "Mashine ni kama mgeni, Muthama. Mlangoni kila mtu ana adabu. Mpikie chai, kaa naye. Adabu ikimwishia kabla ya kikombe, ushamjua."

Halafu akanionyesha herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa, pale ambapo hakuna anayeangalia. Ile i7 ilikuwa na U. Imeumbwa itumie umeme kidogo, ikae na betri siku nzima, iandike barua na kufungua video. Ni prosesa nzuri kwa karani. Ile i5 ilikuwa na H, inayokula umeme bila aibu na kufanya kazi ngumu kwa muda mrefu. Namba ya mbele ndiyo watu wanaimba wakipanda ngazi za jengo hili: "Boss, uko na i-seven?" Hakuna anayepanda akiuliza herufi. Hakuna anayeuliza ni ya kizazi kipi, kama i7 yenyewe ni ya zamani za nyanya zetu na i5 ni ya juzi.

Hiyo ndiyo chai yenyewe, mama. Kila mashine inayouzwa kwangu hupikiwa chai kwanza, na Nairobi yote inayojua laptop za gemu inajua chai ya Muthama. Wateja wanatoka mpaka Parklands. Hao wenye vibanda wengine walianza kwa kunicheka, siku hizi kila mmoja ana sufuria. Hilo la sufuria si majivuno. Haya, ni majivuno.

Sasa nikuambie vile mtu anaweza kujua kitu na bado kisimwingie.

Nilipotoka kwa Mzee Twalib nikaanza kujitegemea, nilitafuta mashine yangu mwenyewe. Nilikuwa na haraka, kwa sababu kulikuwa na msichana mmoja, karani mpya katika hospitali fulani ya Parklands, ambaye alikuwa amekubali kuja kuniona nikifanya kazi. Ndiye Nduku. Nikaona mashine yenye stika ya i7 inayong'aa. Chai? Chai ya nini, na mgeni yuko njiani? Nikaichukua kwa stika.

Akaja, amevaa sweta ya zambarau, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na mimi ndiye niliyekuwa juu yake. Usiniulize. Nikafungua gemu la mpira. Nikamwambia, "Tazama sasa huyu mshambuliaji." Mshambuliaji akakimbia hatua chache, akasimama katikati ya uwanja na mguu mmoja hewani.

Nduku akamtazama. Akangoja. Akasema, "Huyu anangoja nini?"

"Anafikiria."

"Basi afikirie haraka, mimi niko na zamu."

Mguu ukakaa hewani. Nikagonga meza, nikapuliza feni, nikamlaumu Kenya Power. Nduku akaanza kucheka, kile kicheko chake unachokijua, cha kuanguka ubavu. Na hicho kicheko, mama, ndicho chanzo chako. Kama ile mashine ingekuwa nzima, angetazama mpira mara mbili, aseme ni vizuri, aende zamu, na leo ungekuwa mtoto wa mtu mwingine, pengine daktari.

Usiku wake niliinua ile stika kwa kucha. Chini yake kulikuwa na stika nyingine. i3, ya chini kuliko zote. Jamaa walikuwa wananunua stika peke yake kwa pakiti na kubandika. Nikaitoa ile i7 polepole isichanike, na tulipopata friji yetu ya kwanza nikaibandika mlangoni. Ndiyo ile. Miaka yote umekuwa ukiwaambia rafiki zako kwamba friji yetu ni i7, na hukuwahi kuuliza.

Hapa ndipo wazazi wengine wanaandika, "Tangu siku hiyo nilijifunza." Mimi sikujifunza kitu. Ningekuwa nimejifunza, Gavana asingekuwa kwangu.

Unavyomjua Gavana ni kama kila mtu anavyomjua: kwa macho. Nilimpata kutoka kwa jamaa wa Kitisuru aliyekuwa anahamia nje ya nchi. Nilimsafishia kompyuta za nyumba nzima, akaniachia hiyo. i9. Vichwa vinane vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja. Herufi H mwishoni, hata mimi niliangalia hiyo. Kibodi yenye taa za rangi zote kama duka siku ya Krismasi. Nikaiweka mbele ya kibanda, na Kevo ndiye aliyeibatiza: "Hii ni Gavana, mzae. Iko na taa, iko na kelele, na haiwezi kuenda mahali bila chaja na watu wa kuibeba."

Miaka yote amekaa pale mbele. Mteja akija, nawasha Gavana dakika moja, taa zinacheza, namba ya kona inaruka juu, mteja anafungua mdomo, nazima. Dakika moja. Umeona? Mimi mwenye chai, mimi ninayepikia mashine za watu wote, Gavana sikuwahi kumpikia hata kikombe. Nilijiambia mkubwa hapimwi.

Wewe ulipopata nafasi ya Mombasa, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba Gavana ataenda nawe. Sikufikiria kama anakufaa. Nilifikiria ukiingia kwenye lile darasa, ukimfungua, na wale watoto wa watu wageuke. Na mmoja aulize, "Umetoa wapi hiyo?" na useme, "Ni ya babangu." Hapo tu. Nilikuwa nimeshaisikia hiyo sentensi mara nyingi kichwani. Tamu, bwana.

Kabla hata ya hiyo mashine kulikuwa na mjomba wako Musyoka. Unakumbuka ile Jumapili kwao Kileleshwa, baada ya kanisa, wali ukiwa bado kwenye sahani. Kaka ya mama yako akaweka kijiko chini, akasema, "Kwa hivyo tumesomesha wasichana ili waende wakacheze gemu?" Watu wote wakatazama sahani zao. Nikamwambia, "Musyoka, wewe umekaa ofisini miaka yote hii ukienda mkutano baada ya mkutano, na hakuna mtu aliyewahi kukuuliza unacheza nini huko. Huyu ataunda mchezo. Utacheza wewe, watacheza wajukuu wako, na utamlipa." Mama yako akanikanyaga chini ya meza. Sikutoa mguu.

Ukaniangalia siku hiyo kama vile nimefunga bao. Na ningerudia, hata leo, hata mbele ya mchungaji. Nani aliwaambia kwamba kazi lazima inune? Nilikupigania usichaguliwe cha kusomea. Halafu mimi huyo huyo nikageuka nikataka kukuchagulia cha kubeba. Hilo ndilo mama yako aliloniambia jana, akikunja shuka, bila hata kuniangalia. Nilienda kutazama friji.

Sasa jana yenyewe. Nitaisimulia mimi, kwa sababu Kevo anaisimulia vibaya. Anaongeza.

Ulikuja kibandani mchana, nikakutolea Gavana nimempangusa mpaka anang'aa. Ukamwinua, ukamrudisha mezani.

"Baba, asante. Lakini mimi naenda na ile nyeusi."

Ile nyeusi! Ile iliyokuwa chini ya meza na kitufe cha F kimeng'oka, i5, kifuniko kina mkwaruzo kama imepigana na paka. Sawa, nayo ni ya gemu, ina H, ina kadi ya picha ya kutosha. Lakini imenenepa kama mkate wa sinia na haina taa hata moja.

"Hiyo? Hiyo ni ya kuandikia barua ya kuomba kazi."

"Ina vichwa sita, Baba. Ni ya kizazi kipya kuliko Gavana. Na ina feni mbili na nafasi ya kupumua. Gavana umbo ni jembamba, prosesa imebanwa kama mtu mnono ndani ya suti ya kuazima."

Kevo kule kwake akasema, "Eeeh!"

"Wewe nyamaza," nikamwambia. Nikakugeukia. "i9 na i5, Mwende. Tisa na tano. Hata chekechea wanajua."

"Mombasa si Nairobi, Baba. Huku Gavana anakaa kwenye baridi. Kule joto la chumba peke yake litamzimisha. Na prosesa imechomelewa kwenye bodi, wewe ndiye ulinifunza. Nikikosea prosesa, nimekosea mpaka nimalize chuo."

Nikikosa la kusema huwa naropoka. Nikasema, "Wacha tuwapikie chai."

Mimi! Kwa mdomo wangu! Wenye vibanda wakaja kama nzi. Gavana upande huu, nyeusi upande ule, gemu moja, sufuria kwenye koili. Gavana akaondoka kwa kishindo, namba yake ya kona karibu mara mbili ya yako. Nikavuta suruali juu. Nikamwambia Kevo, "Unaona mambo ya wakubwa?" Feni zake zikaanza kulia kama posho mill ya kusaga mahindi. Maji yakaanza kuimba. Namba yake ikashuka kidogo. Ikashuka tena. Ikaporomoka.

"Mzae," Kevo akaita, "maji bado hayajatoa hata povu na Gavana ameomba likizo!"

"Ni stima, stima ya leo ni kidogo."

"Si ni stima ile ile inapikia binti yako?"

Nikatazama yako. Haikuwa juu. Haikuwa imewahi kuwa juu hata mara moja. Ilikuwa palepale ilipoanza. Chai ikachemka, ikafurika, ikazima koili, na yako palepale. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mama, na ukingo wangu ulikuwa mbele ya ghorofa nzima.

Na hukucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kama ungecheka kama mama yako, ningecheka nawe, tungeenda kula chipsi. Wewe ulinionea huruma. Ukaweka mkono juu ya Gavana, ukasema kwa upole, "Ni sawa, Baba. Hii ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo." Hapo ndipo nilisema lile la mikono mitupu.

Ulichagua vizuri. Haya, nimeandika. Usiikate hiyo sentensi ukamwonyeshe Kevo.

Lakini sikubali bado kwamba nimeshindwa. Ndiyo maana leo nilisubiri watu waanze kufunga, nikachukua ile nyeusi yako, nikafunga mlango wa chuma, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawasha koili. Ulisema Mombasa si Nairobi? Basi nimeijenga Mombasa humu ndani. Imebaki bahari tu. Shati nimeshavua. Kama hii i5 yako ni mwanamume, nikasema, iniambie humu ndani.

Kevo akagonga mlango kabla hajaondoka. "Mzae, uko hai? Kuna joto inatoka hapa chini ya mlango."

"Niko Mombasa. Ukitaka kitu ningojee kesho."

"Sawa. Nisalimie watu wa Likoni."

Nikaweka gemu, nikainjika sufuria. Na unajua nini? Mashine yako ilishuka! Si kama Gavana, lakini ilishuka, chai ikiwa karibu. Mama, nisikudanganye, nilisimama nikacheza. Kifua wazi, peke yangu, kwenye joto. Nilishika simu nikupigie nikuambie, "Umeona sasa, mtaalamu?"

Halafu namba ikateremka tena mbele ya macho yangu, na sikuiona mashine. Nilikuona wewe, huko, kwenye chumba cha hosteli, jasho, kazi ya kupeleka kesho yake, skrini imeganda na mguu wa mtu uko hewani, na hakuna mtu wa kukucheka kwa upendo. Dansi ikaniishia miguuni.

Nikaifungua. Feni zote mbili zilikuwa zimevaa vumbi kama blanketi. Ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na bomba la kupozea ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa Kitui kabla ya mvua. Hukuwa umekosea prosesa. Ilikuwa imeachwa ifanye kazi bila kupozwa, basi. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya, nikafunga. Na kitufe cha F nimekipata, nilikuwa nimekiweka kwenye kopo la misumari.

Kisha nikaona nafasi ya pili ya RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, iko tupu. Ilikuwa na kipande kimoja tu, na prosesa hiyo inapenda viwili, ndipo inapolishwa kwa mikono yote. Nikatafuta kwenye droo, sina. Maduka yamefungwa. Nikatazama taa za rangi zote za Gavana.

Hapo nitanyamaza. Ila ukisikia kesho kwamba Gavana hawaki, anapiga mlio na kunyamaza, usiniulize RAM yake iko wapi. Nimemgeuza uso ukutani. Nadhani anafikiria.

Nimebandika na neno moja, ulikumbuke ama ulisahau, mimi silipishi. RAM unaweza kuongeza. Diski unaweza kubadilisha, betri, kitufe, hata skrini. Hosteli ukiichukia utahama, kozi ikikukataa utabishana nayo, rafiki akikuchosha utampa nafasi yake aende. Mambo mengi ya dunia yameshikwa kwa skrubu tu, mama, na mimi ni fundi, naijua skrubu. Ila kuna machache yaliyochomelewa, na hayo ukiyachagua usikubali mtu akuharakishe, hata kama mtu huyo ni baba yako na taa zinamcheza usoni. Utakutana na watu wenye namba kubwa sana dakika ya kwanza. Sisemi wavulana. Nasema watu. Nasema wavulana. Wapikie chai.

Nimerudia kipimo na RAM mbili. Chai imechemka. Nimeinjika sufuria nyingine, na yenyewe inaelekea kuchemka, humu ndani kuna Mombasa kamili na Malindi yake, na namba ya kona haijatikisika. Nimeitazama mpaka macho yanauma. Iko palepale. Ina kichwa kigumu, hiyo mashine. Sijui imetoa wapi.

Utaikuta kesho juu ya begi lako kitandani, pamoja na barua hii. Kama bado unataka kutoka mikono mitupu, iache hapo kitandani. Ulisema neno lako, na mimi siwezi kulea mtu wa msimamo halafu nilie akisimama. Ila ukiibeba, usiniambie asante, na usinionee huruma tena. Sijashindwa. Nilikuwa na mashine mbili na binti mmoja, nikatoa iliyokuwa inazidi.

Ukifika Mombasa, kabla hujatandika shuka za mama yako, iwashe. Weka gemu. Injika chai. Ikishuka, nipigie, nitakuja na bisibisi kwa treni inayofuata. Isiposhuka, pia nipigie.

Ni mimi Muthama, fundi wa kwanza katika jengo hili, na wa pili ndani ya nyumba yake.